Bolti Chini ya Pedali

Silvanus Mgaya alijifunza injini kwenye malori ya mbao, Makambako, na ukitaka kumwelewa anzia hapo. Kule baridi ya asubuhi inauma masikio, na lori lisipowaka, tajiri mwenye lori anakuja kusimama juu ya kichwa cha fundi na koti lake zito, hasemi kitu, anapumua tu. Silvanus alikua chini ya macho ya namna hiyo. Akajua mapema kwamba injini ni mali ya mtu mwingine, dereva ni mtu wa kupita, na fundi yuko katikati akilaumiwa na wote wawili.

Siku hizi anaishi Hyattsville, Marekani, kwenye nyumba ya kupanga, yeye na mkewe Adela na binti yao Irene, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Kazi yake ni kwenye gereji ya mabasi ya shule huko Upper Marlboro. Hutoka nyumbani jua halijachomoza, na jioni hurudi mikono ikinuka oili hata baada ya kuisugua kwa sabuni ya unga. Ni mpole, mnene kiasi, mtu wa maneno machache, ila ukimkosea kwenye kazi yake atanuna siku nzima. Adela husema aliolewa na upole na kununa kwa pamoja, hakupewa nafasi ya kuchagua.

Rafiki yake wa karibu ni Kipkemboi, Mkenya wa Nandi, mrefu, mchekeshaji, mwenye kazi ya kulea wazee kwenye nyumba yao ya matunzo kule Annandale. Walikutana kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili, siku ambayo gari la Kipkemboi liligoma kuwaka na Silvanus akaliinamia na suti yake ya Jumapili. Tangu hapo Kipkemboi hamwiti jina. Humwita fundi.

Wawili hawa wana gari la mbio. Lilikujaje? Kulikuwa na mzee mmoja wa Kimarekani ambaye Kipkemboi alimwogesha na kumlisha mpaka siku yake ya mwisho. Mzee alikuwa na gari bandani, limefunikwa turubai. Alipofariki, mjane wake akamwambia Kipkemboi alichukue kwa bei ya kirafiki, kwa sharti moja tu, kwamba asilipaki kama sanamu bali alikimbize, maana marehemu alikuwa na hamu hiyo na hakujaliwa. Ni gari la mwaka sitini na tisa, milango miwili, pua ndefu, injini ya V8. Na jamani, msifikirie V8 za waheshimiwa wa kwetu, zile za vioo vyeusi zinazotupulizia vumbi na ving'ora. Hii ni mashine ya aina nyingine kabisa. Haina adabu, inanguruma hata ikiwa imesimama. Wenyewe huyaita magari ya misuli, na wapo watu wazima na akili zao, wauza bima, walimu, mafundi bomba, ambao kila wakipata nafasi huyapeleka uwanjani na kushindana bila kulipwa hata senti. Anayeshinda hupewa kikombe cha bati na kupigwa picha, basi, wanarudi nyumbani.

Mashindano hayo yana sheria, na sheria zenyewe si mchezo. Injini iwe ya aina ile ile iliyotoka na gari. Sampu, yaani lile karai la chini linalobeba oili, iwe ya umbo la kiwandani, bila vizuizi vya ndani, bila tangi la akiba pembeni. Nguvu ya injini isizidi kiwango walichokipanga kulingana na uzito wa gari, na baada ya mbio magari matatu ya kwanza hupandishwa kwenye roli za mashine inayozungusha magurudumu na kusoma nguvu. Sheria hizo hazikutungwa na wajinga. Bila hizo, mwenye pesa angeshanunua ushindi kabla hajafika uwanjani, na fundi wa mabasi na mlezi wa wazee wasingekuwa na la kufanya pale. Silvanus aliziheshimu. Lakini ndizo zilizokuwa zikimwulia injini yake.

Uwanja wanaokimbilia uko upande wa milima, magharibi, ukishapita mashamba ya farasi na makanisa ya mbao, na una kona moja ndefu ya kushoto. Gari likiingia kona ile kwa kasi, oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu, kama maji kwenye beseni lililoinamishwa. Pampu inanyonya hewa. Injini inazunguka kavu kwa muda mfupi tu, lakini muda mfupi unatosha kabisa kuunguza beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Mara ya kwanza injini ilinoki, ikagonga na kuzima, mbio zikiwa nusu. Silvanus akaifungua, akaisuka upya. Mara ya pili ikanoki mahali pale pale, na safari hiyo mkono wa pistoni ukatoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika barabarani mpaka mbio zikasimamishwa. Kipkemboi alirudi kwa miguu na kofia yake mkononi, watu wakampigia makofi ya kumfariji, na Silvanus akayachukia makofi yale kuliko matusi.

Aliwaandikia viongozi wa chama cha mbio akiwaomba ruhusa achomelee vipande vidogo vya bati ndani ya sampu ili oili isikimbie. Wakamjibu kwa heshima kwamba haiwezekani, sampu ni ya kiwandani kwa kila mtu. Akamgeukia dereva wake. Akamsihi apunguze mguu kwenye kona ile, apunguze kidogo tu, wapitwe ikibidi, ilimradi siku moja wamalize mbio. Kipkemboi aliahidi, na aliahidi kwa dhati. Lakini kila alipoona gari mbele yake, ahadi ilibaki nyuma. Dereva ni dereva, hata akiwa mzee wa kanisa.

Sasa kuhusu mguu wenyewe. Kipkemboi ana kisukari, na kwa miaka kadhaa vidole vya mguu wake wa kulia vilikuwa vikifa ganzi, vikiamka, vikifa tena. Mwingine angejipa moyo kwamba ni viatu. Yeye hakuwa na nafasi ya kujidanganya, kwa sababu kazi yake ni kuwavalisha soksi wazee, na baadhi yao wana mguu mmoja wa kuvalishwa. Anajua inavyoanza. Kidole, kisha wayo, kisha daktari mwenye sauti ya upole. Daktari wake mwenyewe alimpima na kumwambia bado hisia zipo, aendelee kujitunza, na akamtilia sahihi ruhusa ya kukimbia mbio. Hata hivyo Kipkemboi alijiwekea mpaka wake, na alimwambia Silvanus mpaka huo Jumamosi moja wakiwa wamelala wote wawili chini ya gari.

"Fundi, siku huu mguu utanidanganya, hiyo ndio mwisho. Sitaendesha hii gari tena. Hata ile ya kwenda job, Jeptoo ndiye ataendesha. Nimemuapia."

Jeptoo ni mkewe. Silvanus alimwitikia "sawa" na kuendelea kukaza nati, lakini alilisikia neno lile vizuri sana. Alijua pia kwamba mle ndani ya gari la mbio ndimo mahali pekee ambapo rafiki yake hakuwa mgonjwa wala mlezi wa wagonjwa. Kwa Kipkemboi, kuuacha usukani kulikuwa ni kuanza kuwa mmoja wa wale wazee. Nalitaja hili mapema ili asije mtu akasema Silvanus hakujua. Alijua.

Ikafika mbio za mwisho za msimu. Silvanus alikuwa ameisuka injini ya tatu, na ya nne haikuwepo, ikinoki hii ndiyo buriani. Asubuhi walifanya mazoezi. Kipkemboi alirudi amechangamka, akasema gari linapaa, mguu uko sawa, ila sindano ya geji ya presha ya oili imeanguka tena kwenye ile kona. Akasema hayo akivua glavu, akacheka, akaenda zake kupima sukari na kula chapati alizofungiwa na Jeptoo.

Silvanus akabaki na gari peke yake. Na hapo Makambako ikamrudia.

Kule, tajiri akichoka kununua injini, humwita fundi pembeni. Dereva akienda kula, fundi anafunga bolti kwenye sakafu, chini ya pedali ya mafuta. Pedali haifiki mwisho. Dereva anapanda mlima Kitonga akilalamika lori limekuwa zito, na akirudi fundi anamwambia labda mafuta machafu. Dereva haambiwi, maana akiambiwa ataing'oa kabla hajafika Mafinga. Silvanus alifunga bolti za namna hiyo nyingi tu katika ujana wake, na injini zilidumu, na hakuna dereva aliyekufa kwa kwenda polepole. Kwake ule haukuwa ulaghai. Ulikuwa ufundi, sehemu ya kazi kama kupaka grisi.

Akatafuta bolti ya urefu unaofaa, akaifunga, akaipaka rangi nyeusi ifanane na sakafu. Sheria alizikumbuka, alikuwa amezisoma zote mpaka mwisho. Ilikuwepo moja inayosema pedali lazima ifungue kabureta yote, na kitu chochote cha kuizuia ni udanganyifu. Lakini aliisoma kama mtu wa Makambako. Akajiambia sheria ile imewekwa kwa ajili ya wezi wanaojiongezea, na yeye anajipunguzia. Nani atamkasirikia mtu aliyejifunga mwenyewe miguu? Aliwaza injini. Mguu wa rafiki yake hakuuwaza hata kidogo, na ndilo kosa lake la kwanza.

Mbio zikaanza mchana. Silvanus alisimama kwenye uzio na kufumba macho, kwa sababu fundi huangalia mbio kwa masikio. Gari lilipoingia ile kona ndefu, mlio ulipanda, ukafika mahali, ukatulia hapo hapo. Haukupiga ile kelele ya juu iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Mzunguko wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Magari mawili yakampita Kipkemboi, kisha la tatu, Silvanus hakujali. Baadaye moja la mbele likatoa moshi mweupe na kukaa majanini. Jingine likavunjika giaboksi. Walioharakisha wakaanza kulipa, na lile gari lenye pua ndefu likaendelea tu, mdogo mdogo, mpaka bendera ya mwisho ikapepea wakiwa wa tatu. Kwa mara ya kwanza injini yake ilikuwa imemaliza mbio. Silvanus, mtu mzima, alilia palepale kwenye uzio na wala hakujificha.

Alipofika walipopaki, alikuta Kipkemboi ameshatoka. Hakuwa akicheka. Alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba, amevua kiatu cha kulia na soksi, anautazama mguu wake. Silvanus alidhani ameumia.

"Imeisha, fundi," Kipkemboi akasema. "Asubuhi ulikuwa sawa. Sasa nimeuambia ukanyage, ukaniambia umekanyaga, lakini gari haikuenda. Nimesukuma mpaka paja ikauma. Kumbe niko nusu tu. Mguu umenidanganya."

Silvanus akasimama mbele yake. Kipkemboi akaendelea kwa sauti ya chini kwamba alijua tangu mzunguko wa pili, na alitaka kuliondoa gari barabarani, ila alikumbuka jinsi fundi wake alivyohangaika na ile injini, akaona amalize kwa heshima yake. Kisha akachukua simu na kumpigia Jeptoo. Alizungumza naye kwa Kinandi. Silvanus haijui lugha hiyo, lakini alimsikia Kipkemboi akirudia neno moja taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hapakuhitaji ufasaha. Ndugu yangu, mguu wako mzima, ni mimi. Maneno hayo yalimjia mpaka kwenye meno. Lakini msemaji wa uwanja alikuwa ameshaita magari matatu ya kwanza yaende kupimwa, na Silvanus akapiga hesabu ya haraka, ya kijinga. Akasema moyoni, kwanza nafasi ya tatu ithibitishwe, kwanza picha ipigwe, halafu njiani, tukiwa wawili, nitamweleza vizuri na tutacheka. Mwandani wake mmoja, yule wa ndani kabisa ambaye kila mtu anaye, akamnong'oneza pia kwamba pengine ni heri Kipkemboi aache, Jeptoo atapumzika. Akaweka mkono kwenye bega la rafiki yake.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya kutoka walipopaki mpaka kwenye mashine ya roli, na mtu angeweza kurusha jiwe likafika. Mkaguzi alikuwa mama mmoja aitwaye Cheryl, mwenye nywele fupi za mvi na miwani ya kamba, mtu wa haki anayeogopwa na kupendwa. Gari likapandishwa. Likazungushwa. Cheryl akatazama namba, akalikunjia uso, akaamuru lizungushwe tena. Alisema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba ameisikia injini hii asubuhi kwenye mazoezi, na injini aliyoisikia asubuhi haitoi namba ndogo namna hii. Akapiga magoti mlangoni, akaingiza mkono chini ya pedali, akauacha huko kwa muda. Alipoutoa alikuwa ameshika bolti nyeusi.

Akamuuliza Kipkemboi, maana dereva ndiye anayejibu kwa ajili ya gari, hii ni nini. Kipkemboi akaitazama. Akasema hajui.

"Ni yangu," Silvanus akasema. "Nimeifunga mimi. Yeye hakuambiwa."

Akaeleza. Kiingereza chake kikiwa na hofu huvunjika vipande, lakini alieleza yote, malori, Kitonga, tajiri na koti lake, kona ndefu na oili. Cheryl alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwambia kwamba binafsi anamwamini. Lakini bolti kama hii ndiyo watu huitumia kuidanganya mashine, wanakimbia bila hiyo, wanaifunga wakija kupimwa, na yeye hana njia ya kujua iliingia saa ngapi. Ndiyo maana sheria haiangalii nia ya mtu. Akafuta nafasi yao ya tatu, akaandika kwamba dereva hakuhusika, akarudisha bolti kwenye kiganja cha Silvanus. Walitoka pale bila kikombe wala picha.

Silvanus alitegemea Kipkemboi aanze kufoka. Angependa afoke. Wakenya wawili waliokuja kutazama walikuwa wameshaanza kusogea, tayari kushika mikono ya watu. Kipkemboi akawapita, akaja akasimama karibu naye kabisa, mguu wake wa kulia bado hauna soksi, kiatu kimekanyagwa kisigino. Nafasi ya tatu hakuitaja, wala sheria.

"Nilipokuwa nimekaa kwa ile tairi," akasema, "nikikueleza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikipigia mama watoto simu. Ulikuwa unajua?"

Silvanus akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nazika mguu wangu, fundi. Na wewe ukaniambia pole."

Walilipandisha gari kwenye trela kwa ishara za mikono, kama watu wasiojuana. Ilikuwa imeshapangwa, kabla bolti haijaonekana, kwamba Silvanus ndiye ataendesha pikapu kurudi, kwa sababu mguu wa mwenzake umekufa. Alipofungua mlango wa dereva, Kipkemboi akanyoosha mkono bila kumtazama, na Silvanus akampa funguo. Njia nzima hakuna aliyewasha redio. Silvanus aliketi upande wa abiria akiuangalia mguu ule wa kulia ukikanyaga na kuachia, ukikanyaga na kuachia, kwa utulivu, mzima kabisa, na kila ulipokanyaga alisikia haya mpya. Waliposhuka Hyattsville, Kipkemboi alisema usiku mwema kama anavyomwambia kila mtu.

Adela alimpakulia chakula akaketi mbele yake, maana mwanamke anajua. Silvanus akamsimulia. Kwenye bolti Adela alicheka kidogo, yeye naye ni wa kule, baba yake alikuwa dereva wa malori. Kwenye sheria alitikisa kichwa. Ilipofika kwenye tairi, alikiweka chini kijiko alichokuwa ameshika.

"Baba Irene, ulimwambia pole?"

Akanyanyuka akaenda kutoa nguo kwenye mashine, na alikaa huko muda mrefu kuliko nguo zenyewe.

Jumapili iliyofuata walikwenda kuomba radhi kama inavyopasa, mume na mke, wamevaa vizuri, mkungu wa ndizi wa duka la Wakameruni mikononi. Jeptoo aliwapokea kwa heshima zote, akawatilia chai ya maziwa, akamuuliza Adela habari za kazi. Hakumuuliza Silvanus kitu. Silvanus alisema alichokuja kusema, bila kujitetea, bila Makambako. Alisema bolti ilikuwa kosa la fundi na watu husamehe mafundi, lakini kunyamaza kule kulikuwa kosa la rafiki, na hilo hana cha kulifunikia. Kipkemboi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akamwambia amemsamehe, na alimaanisha, Silvanus ana uhakika alimaanisha. Akaongeza kwamba amekwenda kwa daktari, amechomwachomwa wayo mzima kwa kile kiuzi chao cha kupimia hisia, na amehisi karibu kila mahali. Mguu bado upo. Wakacheka wote, kidogo, na Jeptoo akaongeza chai.

Wakati wa baridi ulipokwisha, walirudi uwanjani. Watu walidhani Kipkemboi atatafuta fundi mwingine, hata Cheryl alionekana kushangaa kuwaona wameshuka kwenye pikapu moja. Silvanus ameandika tena kuomba vipande vyake vya bati, na wamemkatalia tena, kwa heshima ile ile. Injini ya tatu bado inaishi. Kipkemboi hupunguza mguu kwenye kona ndefu siku nyingine, siku nyingine hapunguzi, na Silvanus hamsemeshi juu ya jambo hilo. Wanakula chapati pamoja. Wanataniana kuhusu mpira, na nani kati ya Mtanzania na Mkenya anajua Kiswahili. Ukiwaona utasema hapa hapajawahi kutokea kitu.

Lakini kila mbio, kabla hajavaa kofia, Kipkemboi huja kwenye mlango wa gari, hupiga magoti kwenye lami, huinama mpaka kichwa na mabega vinaingia chini ya usukani. Hupapasa sakafu chini ya pedali kwa vidole vyake, taratibu, kila pembe, kisha huibonyeza pedali kwa kiganja mpaka mwisho. Hana hasira usoni. Silvanus humshikia tochi.